Unga Usiokuwa na Chombo

Nimestaafu miezi mitatu sasa na bado nauma mahindi. Mama Nekesa hataki tena kutembea na mimi sokoni. Tukipita kwa yule mama wa nafaka, mkono wangu unaenda wenyewe kwa gunia, unatoa punje moja, naiweka kwa meno ya mbele, nauma. Mwenye gunia ananiangalia. Mama Nekesa anaangalia upande ule mwingine kama mtu asiyenijua.

"Baba Nekesa," ananiambia tukishapita, "wewe ni mtu ama ni panya?"

Nacheka, lakini si kucheka kwa furaha. Nisipouma, nitarudi peke yangu kabla ya jioni.

Mercy, msichana aliyeshika kinu baada yangu pale Mashimoni, aliniomba niandike ninayoyajua, asome yeye na wengine watakaokuja. Nilimwambia mimi niliachia shule darasa la nne. Akasema, "Andika tu, mzee, vile unaongea." Basi naongea. Ukiona nimepotea njia, ningoje hapo hapo, nitarudi.

Nilianza Kawangware, kwa kinu cha Mzee Kariuki. Mzee Kariuki ni mtu wa pale tangu babake, ana ploti, ana nyumba za kupangisha, ni mzee wa kanisa, na ana vinu viwili, kimoja Kawangware na kingine Kibera. Mimi nilikuwa nimetoka nyumbani Busia juzi tu, na viatu vya kuazima. Siku ya kwanza nilitoka kazini mweupe kuanzia nywele hadi kope. Mtoto wa jirani aliniona akalia. Nilikohoa unga wiki nzima. Hakuna aliyeniambia nifunge kitambaa puani, kwa hivyo mimi nakuambia wewe: funga kitambaa. Usiringe. Kifua hakinunuliki.

Aliyenifundisha anaitwa Okoth. Mtu mwembamba, sikio moja limekufa kwa sababu ya kinu, lakini lile lingine lilisikia kuliko masikio ya watu kumi. Hakuwa anafundisha kwa maneno mengi. Anazima mota, ananiuliza, "Umesikia nini?"

"Kelele."

"Kelele ni ya watu wa nje. Wewe sikia mkanda."

Nikakaa wiki nyingi nikisikia kelele tu. Halafu siku moja nikasikia mkanda. Mkanda ukilegea unalia kama paka aliyefungiwa nje. Nyundo za ndani zikiisha, zinagonga, du, du, kama mtu anayedai kodi kwa mlango wa jirani. Msumari ukiingia, ah, huo huhitaji kufundishwa, utaruka mwenyewe. Okoth alitoa sumaku kwa spika ya redio mbovu akaifunga kwa waya kwenye mdomo wa kinu, pale mahindi yanapoingilia, ili ikamate misumari. Hiyo sumaku iko hadi leo, Mercy, usimruhusu mtu aitoe akadhani ni uchafu.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kuuma. Kabla mahindi ya mtu hayajamwagwa, Okoth alikuwa anachukua punje moja anaiuma. "Ikilia *tak*, saga," aliniambia. "Ikinyamaza, ina maji, irudi kwa jua. Ikiwa chungu, mrudishie mwenyewe na umwangalie machoni."

Siku moja akamrudishia mtu wa ukoo wa Mzee Kariuki mwenyewe, gunia zima, yalikuwa yameoza kwa ndani, yana ule unga unga wa kijani. Yule mtu akapiga simu. Mzee Kariuki akaja na gari, akasimama mlangoni na koti lake la Jumapili ingawa haikuwa Jumapili.

"Okoth, sisi tunasaga, hatupiki. Mtu akileta mawe, saga mawe. Atajua mwenyewe kwa sufuria."

Okoth alifuta mikono polepole. "Mzee, mimi ndiye wa mwisho kuona punje. Baada yangu ni unga. Na unga hauna uso."

Mzee Kariuki alifunga vifungo vya koti akarudi kwa gari. Gunia lilirudi nyumbani na mwenyewe. Hayo maneno niliyabeba kama mtu anayebeba sumaku mfukoni, yananasa vitu hata nisipotaka.

Baadaye nikatumwa Kibera, Mashimoni, kushika kile kinu kingine peke yangu. Hapo nikakuta biashara ingine kabisa. Kawangware watu walikuwa wanaleta debe, gunia. Mashimoni mtu analeta gorogoro moja, lile kopo tunalopimia, ama nusu yake. Sasa kinu hakitaki chakula kidogo. Ukiweka nusu gorogoro, yote inabaki imeshika kuta za ndani na mwenyewe anaenda na vumbi. Kwa hivyo kina mama walikuwa wanachanga. Watano, sita, wanamwaga mahindi yao pamoja kwa mdomo wa kinu, nasaga mara moja, halafu tunagawa unga kila mtu kulingana na alicholeta. Hawajuani, pengine hawapatani, mmoja wa kanisa hili na mwingine wa lile, lakini unga wao ni mmoja. Nilipenda sana hiyo kitu. Nilikuwa nasema hata Bunge haliwezi.

Na sikujua majina yao. Nakuambia ukweli, miaka yote hiyo sikujua majina. Nilijua vyombo. Ndoo ya kijani yenye mkono wa kamba. Sufuria ya mkono mmoja. Beseni la bluu lililopasuka likashonwa na waya. Foronya ya maua, hiyo ni ya dada mmoja aliyekuwa akifulia watu nguo kule Nyayo Highrise, nafikiri alipewa huko. Mtu akija na chombo kipya, namuuliza, "Wewe ni nani?" Wananicheka. "Baba Nekesa, ni mimi ndoo ya kijani! Ilipasuka!"

Kitu kimoja kingine cha pale. Jioni ukifungua kinu kukisafisha, kuna unga umebaki ndani, na mwingine umeanguka chini ya mfuko. Mzee Kariuki alisema unga huo apewe Nyanya Rael, mama mzee anayekaa nyuma ya kinu, ukuta wetu ndio ukuta wake. Hana mtu. Watoto aliwazika. Kila nikisafisha, nafunga yale mabaki kwa gazeti, napitisha kwa kidirisha cha nyuma, namwambia, "Nyanya, za leo," naye anachukua. Mzee Kariuki aliisema hiyo kanisani kwake Kawangware. Biashara lazima irudishe kwa jamii, alisema, na watu wakapiga makofi. Mimi pia niliona ni jambo zuri. Sikuwa nimefikiria kwamba tunairudishia jamii kile tulichofagia.

Sasa nafika pale sipendi kufika.

Stima ilikuwa imepotea siku mbili. Watu wa Mashimoni hawana unga wa akiba, anayenunua gorogoro leo anakula leo. Na mimi siku hiyo hiyo asubuhi nilikuwa nimeng'olewa jino, lile la nyuma upande wa kulia, ndilo jino langu la kazi. Shavu limefura kama nimeficha ndizi. Upande wa kushoto nilikuwa sina meno ya maana tangu zamani, ni hadithi ingine, ilihusu mfupa wa ng'ombe na harusi.

Saa saba mchana stima ikarudi. Laini ya watu ilifika hadi kwa kioski ya maji. Kelele, kila mtu ana haraka, wengine wanasema itapotea tena saa hiyo hiyo, na walikuwa na haki ya kusema. Wakachanga. Nakumbuka hivyo vyombo kama vidole vyangu: sufuria ya mkono mmoja, ndoo ya kijani, beseni la bluu, kasuku, lile kopo la mafuta ya kupikia, la yule kijana askari wa usiku, foronya ya maua, na kigunia kidogo cha Adhiambo. Adhiambo namjua jina kwa sababu ndiye alikuwa mgeni, ameolewa Kisumu Ndogo, hapo hapo Kibera, majuzi, na watu walikuwa wakimwita ita.

Kigunia chake kilikuwa kimetoka nyumbani na basi, kutoka kwa mama mkwe. Nilipokishika niliona punje zingine zina wekundu kidogo. Niliona. Siwezi kuandika kwamba sikuona. Nikajiambia ni yale mahindi ya kienyeji, kwetu yako mekundu, yako hata ya zambarau. Mkono wangu ulichukua punje moja, ukaenda hadi mdomoni, shavu likauma hata kabla sijafungua. Nikaitupa.

"Mzee, washa!" mtu akapiga kelele nyuma. "Tutazeeka hapa!"

Nikawasha.

Nikagawa unga, kila mtu akaenda na chombo chake. Nikasaga michango miwili mingine kabla stima haijapotea tena, kama walivyosema. Watu wakatawanyika wakilaani. Nikafungua kinu, nikakung'uta, nikafagia, nikafunga, kama kawaida. Halafu nikakaa juu ya debe kupumzika, nikaona kwa miguu yangu punje kama sita zimemwagika pale Adhiambo alikuwa amesimama. Moja ilikuwa na rangi ya waridi kwenye mkunjo wake. Si wekundu wa mahindi. Rangi, kama ya kucha.

Nikaiweka kwa ulimi tu. Chungu. Halafu ulimi ukafa ganzi kidogo pembeni.

Nyinyi watu wa mjini labda hamjui. Mbegu ya kupanda, ile ya pakiti, inapakwa dawa ili wadudu wa udongoni wasiile. Ni sumu. Pakiti inasema usile, lakini pakiti inasema kwa maandishi madogo, na njaa haivai miwani. Mvua ikikataa, mbegu inabaki kwa nyumba, na mama anaiangalia, anasema hii ni mahindi pia. Anaiosha. Anaianika. Rangi inatoka. Anamtumia mtoto wake Nairobi.

Nilipiga simu kwa Mzee Kariuki. Nikamwambia.

Akauliza: "Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Sikiza, Baba Nekesa. Ukisema sumu, hicho kinu kimekufa. Hakuna mtu ataleta hata punje. Na wewe utakula wapi? Waambie grisi ya kinu imeingia kwa unga. Chukua unga wao, wape mwingine safi, mimi nitalipia mahindi. Grisi. Umesikia?"

Simlaumu. Ilikuwa haraka kichwani mwake kama ilivyokuwa haraka kwa laini. Na alikubali kulipia, wengine hawangekubali hata hiyo. Nikasema sawa.

Wa karibu alikuwa sufuria ya mkono mmoja, nyumba ya nne kutoka kinu. Nikamkuta anachambua mboga.

"Mama, naomba ule unga. Grisi iliingia."

"Grisi?" Akafungua sufuria, akanusa, akachovya kidole. Kabla sijamshika mkono alikuwa amekiweka kwa ulimi. "Sisikii grisi. Na hata kama, grisi kidogo haiui mtu. Watoto wangu wamekula mambo makubwa kuliko grisi."

"Nitakuletea mwingine."

"Lini? Stima imepotea. Kesho? Leo nitapika nini, hotuba yako?" Akafunika. "Enda, Baba Nekesa. Pole na jino."

Nilisimama hapo. Hapo ndipo nilielewa uongo wa Mzee Kariuki ulikuwa mdogo kuliko hatari. Mtu hatupi chakula kwa sababu ya uongo mdogo. Nikasema, "Mama, si grisi. Ni mbegu ya dawa. Ilikuwa ndani ya yale mahindi mlichanga. Sikuuma. Nilikuwa naumwa na jino nikawasha tu."

Aliniangalia kama mtu aliyemkuta nyoka kwa kitanda. Halafu akatema mate chini, mara tatu, nne, akachukua sufuria akamwaga unga wote kwa mtaro na akaanza kupiga kelele ambayo ilifika hadi mtaa wa Olympic. "Yawa! Wametusagia sumu! Msipike! Msipike unga wa kinu!"

Basi. Kinu kikafa hapo, nilifikiri. Lakini kelele ilifanya kazi kuliko miguu yangu. Wale wa michango miwili iliyofuata walisikia, nao wakamwaga, kwa sababu unga wao pia ulipita kwenye kuta zile zile. Askari wa kasuku aliamshwa na majirani, akatoka na kaptura, akaniuliza tu, "Buda, kwani uliniwekea nini?" Unga wake ulikuwa bado umefunikwa.

Nikakimbia Kisumu Ndogo. Mimi si mtu wa kukimbia. Wanawake wanaouza samaki wa omena wananiuliza, "Unafukuzwa na nani?" Nawauliza, "Ndoo ya kijani anakaa wapi? Mkono wa kamba!" Wananiona mwendawazimu. Mmoja akasema, "Ndoo ya kijani ni dada ya beseni la bluu, wanakaa nyumba moja pale kwa kanisa la mabati." Mungu ambariki. Nikawakuta maji yako motoni, mmoja ameshashika mwiko. Nikaushika mwiko ule kama mtu anayeshika mwizi.

Adhiambo nilimkuta mlangoni pake. Alikuwa ameshasikia. Hakulia, alikuwa amekaa tu na kigunia magotini.

"Baba, niliyaosha," akasema. "Mara tatu. Mama alisema yakioshwa mara tatu hayana kitu."

"Umekula?"

"Nilikuwa nangoja mume wangu tule pamoja."

Watu walikuwa wanakuja nyuma yangu, nasikia wakiuliza ni nani alileta, ni nani huyo. Nikageuka nikawaambia ni mimi. Kinu ni changu, punje zote hupita kwa mkono wangu, mimi ndiye nilipaswa kurudisha. Mwenye kupiga anipige. Mama mmoja akasema huyu tayari amepigwa, muoneni shavu. Wakacheka kidogo, na hicho kicheko kilituokoa sisi wawili.

Ikabaki foronya ya maua. Nikaenda Nyayo Highrise, nikamwambia bawabu namtafuta dada anayefua, mwenye foronya. Akaniuliza, "Foronya ni jina lake ama kabila?" Nilikuwa karibu kulia. Akaita kwa simu nyumba tatu, na kwa nyumba ya tatu dada akatoka na povu mikononi. Foronya ilikuwa kwa ngazi, imefungwa fundo, haijaguswa.

Nikakaa chini hapo kwa ngazi. Nikahesabu kwa vidole. Sufuria, ndoo, beseni, kasuku, foronya, kigunia. Sita. Wote. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, yule bawabu akasema amina bila kujua ni ya nini.

Nilirudi polepole, jua likianza kulala. Nilipofika kwa kinu Mzee Kariuki alikuwa amefika, amesimama nje, watu wamemzunguka. Walikuwa wanamfokea na yeye anajibu anavyoweza. Nikamwambia, "Mzee, nimewapata wote sita."

Na nikiwa nasema hivyo, nikasikia mtu akitapika nyuma ya ukuta.

Mercy, nimekaa na kalamu hapa muda mrefu sasa. Chai imepoa.

Nilipofunga kinu mchana ule, nilikuwa nimefungua nikakung'uta na nikafagia, kama kawaida. Na kawaida ni gazeti. Na gazeti ni kidirisha cha nyuma. "Nyanya, za leo." Mikono yangu ilimpa yenyewe, hata sikumbuki nikimpa, kama vile usivyokumbuka kufunga mlango. Na yale mabaki ya ndani, unajua wewe, ndiyo mazito, ndiyo yanayoshikilia kila kitu kilichopita. Nilikuwa nimezunguka Kibera yote nikitafuta vyombo. Yeye hakuwa na chombo.

Tulimkuta ameinama kando ya jiko, ugali kidogo kwa sahani, robo yake haiko. Jasho, mikono inatetemeka. Alikuwa amesikia kelele za kina mama mchana, tulijua baadaye, lakini alidhani ni unga wa kununua. Wake si wa kununua.

Gari haliwezi kuingia pale. Mzee Kariuki akavua koti, akambeba mgongoni. Ndiyo, yeye, mzee wa kanisa, mwenye ploti. Mimi nikashika miguu. Tukaenda hivyo hadi barabarani akihema, akimwita Mungu, "Ngai, Ngai," na mimi nikiwa na zile punje sita nilizookota, mfukoni kwa karatasi.

Kwa zahanati nesi akauliza, "Amekula nini?"

Mzee Kariuki akaniangalia. Niliona neno grisi likipita machoni mwake. Nakuambia nililiona. Halafu akasema, "Mahindi ya mbegu. Yenye dawa. Kinu ni changu."

Nikatoa karatasi. Nesi akaangalia zile punje, akamwita daktari mbio. Baadaye aliniambia, "Mngesema ni grisi, ningempa maziwa nimrudishe nyumbani." Mzee Kariuki alikuwa amekaa kwa benchi na shati limelowa. Alisikia. Hakuinua kichwa.

Nyanya Rael alilazwa siku tano. Siku mbili za kwanza hatukujua kama ataishi. Nilikuwa nakaa kwa hiyo benchi kila nikipata nafasi, nahesabu vidole, sita, sita, kila mara nafika sita, na kila mara naanza upya. Siku ya tatu akafungua macho, akaomba maji. Niliingia na Mzee Kariuki. Nikapiga magoti karibu na kitanda nikamwambia yote, jino, punje, mbio za Kisumu Ndogo, Highrise, bawabu. Nilidhani nikimwambia nilivyokimbia ataona nilijaribu.

Alisikiliza hadi mwisho. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa hivyo mlianza na wanaolipa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza saa. Mzee Kariuki alisimama akaenda dirishani, akakaa huko.

Watu walirudi kusaga. Si mara moja. Wiki ya kwanza hakuna, wiki ya pili wawili. Sufuria ya mkono mmoja ndiye alirudi kwanza, akaniambia mbele ya wote, "Narudi kwa sababu wewe angalau ulikuja kuniambia ukweli kwa mlango. Wengine wangesubiri nizikwe." Ndipo wengine wakaja. Mzee Kariuki alinunua sinia kubwa nyeupe ya bati. Kila chombo kinamwagwa hapo kwanza, mwangani, mwenyewe akiona na wanaochanga naye wakiona, halafu ndiyo nauma, sasa kwa meno ya mbele. Nesi alikuwa amenigombeza kwamba kuuma mbegu yenye dawa nayo ni ujinga wa aina yake. Kwa hivyo macho kwanza, jino baadaye. Laini inachelewa. Watapiga kelele. Waache wapige.

Kuhusu Nyanya, Mzee Kariuki kwanza alisema basi, hakuna kusaidia tena, kusaidia kumetuletea taabu. Nikamwambia, mzee, kusaidia hakukuleta taabu, ufagio ndio uliileta. Nyanya mwenyewe alimaliza hiyo mjadala. Alikuja kwa mlango wa mbele, si kwa kidirisha, akashika ukuta, akasema, "Sitaki mafagio yenu. Mkitaka kunipa, nipeni kama mtu." Mzee Kariuki akaenda mwenyewe dukani, akarudi na ndoo ndogo nyekundu yenye kifuniko na gorogoro moja ya mahindi mazuri ndani. Tangu hapo kila wiki kuna gorogoro ya Nyanya Rael, na ndoo nyekundu inasimama kwa laini na ndoo zingine. Yale mabaki ya ndani tunayatupa. Inauma kutupa unga, najua. Tupa.

Kanisani hakuisema tena. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hiyo si ya kusema."

Basi nikasaga hadi kifua kikakataa, na nikatoka.

Wiki jana nilipita hapo. Najua ulinikataza, Mercy, ulisema nikikaa pale nje wateja wanadhani unafanya mtihani. Lakini stima ilikuwa imepotea siku nzima na nilisikia kwa redio imerudi, miguu ikaenda yenyewe. Laini ilikuwa hadi kwa kioski ya maji. Kijana mmoja anapiga kelele, "Sista, washa! Kwani unapanga harusi?" Nikasimama kando nikahesabu vyombo.

Nikaona ndoo nyekundu imefika kwako. Na nikaona, usikasirike, nakuambia tu nilichoona, ukaishika juu ya mdomo wa kinu bila kuimwaga kwa sinia. Haya mahindi ni ya Mzee, umeyajua, ni ya bure, ni gorogoro moja, watu wanapiga kelele.

Nyanya Rael aliweka mkono juu ya kifuniko.

"Sinia," akasema.

"Nyanya, ni haya haya ya kila wiki."

"Sinia, mwanangu. Kama ya huyu. Kama ya yule."

Ukamwaga kwa sinia. Ukayatawanya na kiganja, ukainama ukaangalia. Ukachukua moja ukauma.

*Tak.*

Niliisikia hadi nilipokuwa nimesimama, juu ya kelele zote. Nikavuta pumzi, nikageuka kwenda nyumbani. Nilifika kwa kona. Nikarudi, kuangalia kama utauma na ya aliyefuata.